Tatu Juu ya Kumi

Miaka thelathini na moja nilichora ziwa kwa chaki,
chini yake mto, juu ya mto mshale:
Ruzizi hutoka Kivu kwenda Tanganyika. Andikeni.
Mimi mwenyewe sijawahi kulowesha hata kisigino.

Leo nimekaa mbele ya boti ya Mushagalusa.
Mbao zake za libuyu zilikuwa rafu za kantini ya baba yake,
bado zinanuka sabuni na chumvi.
Motere yake ya farasi wanane, mmoja anakohoa.

Pale Nguba wanawake wanachota maji kwa bidoni:
“Mnapeleka nini?”
Hatupeleki kitu.
“Basi mnaenda kuleta nini?”
Hatuleti kitu. Tunatembea tu.
Wakatazamana, kama waliosikia mtu kanunua mbuzi
ili awe anamwimbia.

Tukazunguka rasi. Mji ukageuka.
Nguo za ndani kwenye kamba, choo juu ya nguzo nne,
ukuta ulioegemezwa magogo usiporomokee majini,
na kule juu Kadutu, bati limekalia bati.
Nimezaliwa Bukavu, nimezika watu Bukavu,
leo ndiyo naiona kisogo.

Simu ikalia mkobani: Karibu Rwanda.
Hatujaenda popote.
Mushagalusa amekwepa chupa tu.

Nilidhani mto utaanza kwa kelele,
kitu cha kustahili mstari wote ule wa chaki.
Maji yaliinama kidogo tu,
kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Kisha chupa zote zikakubaliana upande.
Ndala moja ya mtoto, ya buluu, ikatupita
ikienda kusini kama mwenye miadi.

“Ni hapa,” akasema, akazima motere nisikie.

Nikasikia. Halafu nikasikia filimbi:
askari darajani, mkono juu, rudini, rudini!
Akavuta kamba. Akavuta tena. Mara ya tano
farasi wote wanane walikuwa wamelala,
na daraja lilikuwa linakua.
Yeye akashika kasia,
mimi nikashika kifuniko cha sufuria ya bugali,
nikapiga maji kama ninavyofuta ubao
mkaguzi akiwa mlangoni.
Sikuomba Mungu. Nilihesabu. Nilifika mia moja na kumi na nne.

Farasi mmoja akakohoa.
Yule yule.

Tulifunga kamba chini ya mwamba, upande wa Muhumba,
tukala sambaza na bugali iliyoingia maji.
Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, nikaikalia.
“Mwalimu, unakumbuka ulinipa tatu juu ya kumi?”

Nakumbuka. Mshale wake ulipanda kaskazini.
Nilimsimamisha. Darasa zima likacheka,
nami nililiacha licheke kidogo kuliko ilivyofaa. Hapana:
kupita ilivyofaa.

“Nyanya alisema ziwa lilikuwa linatokea huko,
mpaka milima ya moto ikaja kukaa njiani.”

Nilipostaafu nilisoma kitabu kuhusu volkano.
Ukurasa wa tisini na kitu, wataalamu wanasema vilevile,
kwa maneno marefu zaidi.
Nikafunga kitabu. Sikumtafuta.
Ni yeye aliyenikuta sokoni nikinunua chumvi,
akasema, njoo siku moja nikuonyeshe mto wako.

Nikapekua mkoba. Kalamu nyekundu sina tena.
“Nikupe ngapi?” nikamwuliza.
Alikuwa anachomoa mwiba wa sambaza kwenye jino.
“Acha hizo tatu. Nimezizoea.”

Giza likatukuta tukielekea kaskazini.
Taa za wavuvi zilianza kuwaka, moja, nane, sikuhesabu tena.
Sauti ikatoka nyuma ya taa mojawapo:
“Mnapeleka nini?”

Nilifungua mdomo.
“Mwalimu,” Mushagalusa akajibu, “napeleka mwalimu,”
akapunguza mwendo
wavu wao usikatike.